Shajara ya kondoo wa Kayenze: Dorper, Wekundu wa Kimasai na wa kwetu wa kienyeji

8 Juni

Naanza kuandika leo maana nikichelewa nitasahau, na mwakani nitakuja kubishana na watu bila ushahidi. Nafuga Kayenze, huku Ilemela, shamba letu linashuka toka kwenye mawe makubwa mpaka karibu na ziwa, juu pakavu, chini majani mabichi karibu mwaka mzima, alafu matete, alafu maji. Kondoo niliachiwa na mama, wale wetu wa kienyeji wenye mkia mrefu wa mafuta, wadogo ila wagumu kama mawe ya hapa.

Ninachotaka kujua ni kitu kimoja: damu gani inafaa kutoa nyama nzuri ya mwanakondoo hapa hapa ziwani, siyo Arusha, siyo Dodoma. Kila ninayemuuliza anasema Dorper, wale kondoo wa nyama wa Afrika Kusini, leta Dorper. Na kondoo wengi ninaowaona wakiishia bucha za mjini ni majike yaliyozeeka, yameshazaa mara tano sita, watu wakila wanasema nyama ya kondoo inanuka basi wameapa hawarudi tena. Inaniuma, maana wanamhukumu mnyama ambaye hawajawahi kumla akiwa mchanga.

Soko la kwanza ninalolenga ni Idd Kubwa ya mwakani. Ya mwaka huu imebaki kama wiki moja, ya mwakani itarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kwahiyo itaangukia tarehe 6 au 7 Juni. Kondoo wa udhiya, yaani wa kuchinja sadaka ya Idd, anakubalika akitimiza miezi sita kama amejengeka vizuri, mbuzi lazima afikishe mwaka, hapo ndo kondoo anampita mbuzi na wafugaji wengi wa huku hawajalitilia maanani. Nimepiga hesabu kurudi nyuma: miezi sita kabla ya Idd ni mwanzoni mwa Desemba, mimba ya kondoo ni siku kama 150, kwahiyo dume lazima aingie kabla Juni hii haijaisha. Na mimi dume sina bado.

Vikundi nitakavyolinganisha ni hivi. A ni majike 12 wa kienyeji na dume wa kienyeji. B ni majike 12 wa kienyeji na dume wa Dorper. C ni majike 8 Wekundu wa Kimasai na dume huyohuyo wa Dorper. Hawa wekundu walikuja kwa Fuso kutoka Longido mwezi wa tatu, walifika wamechoka sana, mmoja alikaa siku mbili hasimami, ila sa hivi wamezoea. Ningependa ziwe idadi sawa lakini hela iliishia hapo.

15 Juni

Dume amepatikana, ila si yule wa kwanza.

Wa kwanza nilimfuata mbali nikakuta kweli kichwa cheusi mwili mweupe, anang'aa, mwenyewe anasema Dorper safi. Babu yetu jirani nilienda naye, mzee amekaa na mifugo maisha yake yote, hakusema neno, akamzunguka yule dume, akaingiza mkono nyuma akashika shina la mkia. Akaniita, "Mjukuu wangu, njoo ushike." Nikashika. Pale juu ya mkia kuna mto wa mafuta, laini, umejaa kiganja, alafu kimkia chenyewe kimechomoza kidogo tu hapo. Na shingoni ana ngozi inaning'inia. Huyo ni Persia kichwa cheusi, au chotara wake, siyo Dorper. Rangi ni ileile kabisa ndo maana watu wanauziwa.

Na si ajabu wafanane, maana Persia kichwa cheusi, asili yake Somalia, ndo mzazi mmoja wa Dorper. Dorper ilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn na huyo Persia, hata jina lenyewe limeungwa, Dor na per. Kwahiyo rangi haikwambii kitu. Shika mkia, Dorper hana ule mto wa mafuta. Alafu simama nyuma yake uangalie mapaja, ya Dorper yamejaa mpaka ndani huku chini karibu na goti, Persia paja linaishia mapema. Nyama ya pesa iko pale.

Wa pili, tuliyemchukua, ni wa miaka miwili, kilo 71 kwenye mzani wa pamba. Bei yake siandiki, mume wangu anasoma hili daftari.

20 Juni

Dume ameingia leo jioni. Nimempaka kifuani masizi na mafuta ya kula yaliyoganda, ili kila jike atakayempanda abaki na alama mgongoni na mimi niandike tarehe. Dume wa kienyeji naye hivyohivyo kwa kikundi A, zizi jingine. Jike asiposhika mimba atarudi joto baada ya siku 17 hivi, kwahiyo nawaacha mizunguko miwili, mpaka tarehe 24 Julai, basi. Wakizaliwa wamepishana miezi mitatu hakuna ulinganisho hapo.

3 Agosti

Madume yalishatolewa. Majike 30 kati ya 32 wana alama ya mara ya kwanza au ya pili.

11 Septemba

Kiangazi kimekaza, huku juu majani yamebaki vijiti. Wenzetu wa Shinyanga wana ngitili, kipande cha malisho kinafungwa masika nzima kinaachwa kwa ajili ya kipindi kama hiki, na nimeanza kuwaza nifunge ekari moja ya juu kwa mtindo huo mwakani. Sa hivi nawapa mashudu ya pamba kidogo na maganda ya dengu, vyote vinapatikana huku kwetu kwa urahisi. Mashudu ya pamba ni kwa hawa wakubwa tu. Watoto ambao tumbo la kwanza halijakomaa sitawapa, kuna sumu kwenye mbegu ya pamba ambayo mkubwa anaihimili na mdogo haihimili.

Jambo jingine niliandike kwa herufi kubwa: KONDOO NA MADINI YA SHABA HAVIPATANI. Duka la pembejeo kijana alinipa jiwe la chumvi la ng'ombe, akaniambia mifugo yote sawa. Si sawa. Kondoo shaba inajikusanya kwenye ini lake kimyakimya wiki hadi miezi, alafu siku moja mkojo unakuwa mwekundu mweusi na amekufa. Vilevile chakula cha kuku na nguruwe usimpe. Nilirudisha jiwe, nikachukua chumvi ya kawaida ya mawe.

21 Novemba

Wamezaliwa tisa ndani ya siku nne!! Mvua za vuli zilianza mwisho wa Oktoba, majani yapo, maziwa yapo. Nalala na tochi.

Kila mtoto napima ndani ya saa 12 za kwanza, naandika, nahakikisha amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Mpaka leo wa A wanacheza kwenye kilo 2.4 mpaka 2.7, wa B walio hai kilo 3.1 mpaka 3.6, wa C katikati. Usiku wa juzi jike wa B, mzazi wa mara ya kwanza, alikwama. Kichwa kimetoka mguu mmoja umekunjwa nyuma. Nilipaka mkono mafuta nikarudisha kichwa taratibu, nikautafuta mguu, nikaunyoosha, akatoka dume kilo 3.9 amechoka, alipumua kama robo saa akafa mkononi mwangu. Mama yake alimlamba mpaka asubuhi.

Hili ni somo la kwanza kuhusu Dorper: usimpandishe jike mdogo wa kienyeji anayezaa mara ya kwanza. Nilijua na bado nilifanya kwa sababu nilitaka idadi itimie 12.

23 Desemba

Wote wameshazaliwa. A: majike 11 wamezaa, watoto 13, mapacha wawiliwawili mara mbili. B: 11 wamezaa, watoto 12, yule mmoja amekufa. C: 8 wote wamezaa, watoto 9.

Nimeweka alama masikioni. A nimechanja kidogo pembeni mara moja, C mara mbili, B nimekata ncha ya sikio. Hereni zilikuwa zimeisha dukani.

26 Januari

Kuna siku unafuga unaona kabisa juhudi inalipa. Wa miezi miwili wa B wana wastani wa kilo 12.1, wa A kilo 8.6, wa C kilo 11. Ukiwaangalia watoto wa B wakikimbia jioni kushuka bondeni, mgongo mpana, makalio ya mviringo, unaweza kuwatambua toka mbali bila kuangalia sikio. Shemeji yangu alikuja na familia toka Igoma akasimama pale kwenye uzio akasema hawa ndo kondoo sasa, hao wengine uza. Kiukweli na mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni.

9 Februari

Leo asubuhi kijana anayechunga kaja mbio, "Mama, yule mkubwa wa ncha amelala hataki kuinuka." Ni namba moja wangu, dume wa B, kilo 14 juzi tu. Nimemkuta chini ya mwembe, shingo imelala, chini ya kidevu amefura kitu kama kifuko cha maji, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hajaharisha. Hana homa. Amekufa saa nne.

Nilimpigia bibi afisa mifugo, akasema usimzike, mpasue, nitakuelekeza kwa simu. Sijawahi kufanya hivyo mimi mwenyewe. Tulimpasua na babu. Damu yake ilikuwa kama maji ya kuosha nyama, nyepesi, haina rangi. Bibi akaniambia tafuta tumbo la nne, lile la mwisho kabla ya utumbo, lipasue kwa urefu. Nikalipasua. Ukuta wote wa ndani ulikuwa unatembea. Minyoo miembamba kama uzi wa cherehani, urefu wa sentimita mbili hivi, mwekundu na mweupe umesokotwa kama kamba, mamia kwa mamia, wengine bado wameshika nyama. Ukiinua kwa ncha ya kisu wanajikunja. Babu akasema, "Hawa ndo waliokuwa wanakula mashudu yako, mjukuu wangu."

Bibi alinieleza na nimeandika kama alivyosema. Mnyoo mmoja wa aina hii ananyonya karibu 0.05 mililita za damu kwa siku. Elfu moja ni mililita 50 kila siku, na mtoto wa kilo 14 damu yake yote ni kama lita moja. Jike mmoja wa mnyoo anataga mayai maelfu kwa siku, yanatoka na kinyesi, joto na unyevu vikikutana yanaanguliwa, vifaranga vya minyoo vinapanda kwenye jani na umande, kondoo anakula. Yaani bonde langu la chini, lile ninalojivunia kwamba lina majani mwaka mzima, ndo kiwanda chenyewe.

13 Februari

Wamekufa wengine wawili wa B. Mmoja wa A.

Hapa lazima nikiri kosa, maana hili daftari halina maana nikificha. Dawa ya minyoo niliwapa wote tarehe 10 Januari, albendazo, ileile ninayotumia toka enzi za mama, na dozi nilikadiria kwa macho. Mtoto wa B wa kilo 11 nilimpa dozi ya kilo 8 kwa sababu nilizoea watoto wa kienyeji. Dozi pungufu haiui minyoo yote, inaua dhaifu na kuwaacha wagumu wazaliane, na kwa miaka ya dawa moja tu nina uhakika wa kwangu wengi walishaizoea. Bibi amenibadilishia levamizo, na safari hii kila mmoja kapandishwa mzanini kwanza.

Na amenifundisha macho. Ukivuta kope la chini taratibu unaangalia rangi ya ndani, kuna kadi ya rangi tano iliyobuniwa Afrika Kusini, moja ni nyekundu iliyoiva, tano ni nyeupe kama karatasi. Wa nne na tano unawapa dawa leo leo, wa tatu unamfikiria kama ni mtoto au ana mimba, wa kwanza na wa pili unawaacha bila dawa. Kuwaacha ni makusudi, ili minyoo ambayo haijaizoea dawa ibaki kwenye malisho iwachanganye wale sugu. Hii iliniwia ngumu kuikubali, mtu umezoea ukinunua chupa unanywesha zizi zima.

Tumewashika watoto wote 29 waliobaki pamoja na mama zao. Nikanyamaza kwa muda nilipojumlisha. Watoto wa B saba kati ya nane walikuwa nne au tano. A wanne kati ya 12. C mmoja tu kati ya tisa. Wanakula bonde moja, wanalala zizi moja, baba wa B na C ni yuleyule.

2 Machi

Levamizo imefanya kazi, makope yanarudi kuwa mekundu. Hakuna aliyekufa wiki mbili.

Nimekuwa nikisoma usiku. Dorper alitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu, maeneo kama Karoo kule Afrika Kusini, mvua chache, majani ya kichaka, ambako huyu mnyoo hana raha. Miili yao haikuwahi kulazimika kupigana naye kizazi baada ya kizazi. Mwekundu wa Kimasai ameishi naye karne na karne, na watafiti miaka ya 1990 walishawaweka pamoja na Dorper pale Diani, pwani ya Kenya, mahali pa joto na unyevu kama hapa kwetu, wakaona Wekundu wanakufa wachache na mayai ya minyoo kwenye kinyesi chao ni pungufu. Sehemu kavu zaidi tofauti hiyo ilipungua. Kwahiyo swali langu la Juni lilikuwa sahihi lakini nusu: siyo damu gani, ni damu gani kwenye bonde gani. Kayenze siyo Karoo.

Jambo hili limenikumbusha mbuzi wa Malya, ambaye katengenezwa hukuhuku kwetu Kwimba. Kamorai asilimia 55, Boer 30, wa kienyeji 15. Wale waliomtengeneza walitaka nyama na maziwa na ukubwa, na bado hawakuitoa damu ya kienyeji yote. Nilikuwa nasikia hiyo asilimia 15 kama mapambo tu.

Mabadiliko ya malisho kuanzia leo: hawatoki zizini mpaka umande ukauke, kama saa nne. Bonde la chini kabisa kwenye maji maji limefungwa, huko pia kuna konokono na minyoo ya ini. Majani yakifika chini ya kimo cha kidole tunahama, maana vifaranga vya minyoo vinakaa sehemu ya chini ya jani. Kijana wa kuchunga hakufurahia kukaa mpaka saa nne ila nimempa kazi ya kushika makope kila Jumatatu na ameshakuwa mjuzi kuliko mimi, anamshika mtoto katikati ya miguu, dole gumba moja tu, amemaliza.

17 Machi

Mbwa wa mtaani wameingia usiku, wameua mmoja wa C na mmoja wa B. Uzio unaongezwa. Sina la kuandika zaidi leo.

28 Aprili

Masika imekolea na sijapoteza mtoto kwa minyoo toka Februari. A alikufa mmoja mwingine kwa kuharisha.

Madume yote nimeyatenga toka yalipofika miezi minne, mwanakondoo dume wa miezi mitano anaweza kabisa kumpa mimba dada yake. Sijawahasi. Nilifikiria sana hili. Asiyehasiwa anakua haraka zaidi na ana mnofu zaidi, yule anayesumbua kwa harufu ni dume mzima aliyekomaa, na mimi nitawauza kabla ya kufika huko. Wanaohasi na kulisha pumba nyingi wawe makini, dume aliyehasiwa mdogo akijazwa pumba bila chokaa anapata mawe kwenye njia ya mkojo. Jirani yangu mmoja kapoteza wawili hivyo mwaka jana.

Mtu kanishauri nichanganye dagaa kwenye chakula cha mwezi wa mwisho, protini ipo na huku ziwani dagaa wa mifugo ni bei rahisi. Nimekataa. Mafuta ya samaki yanakaa kwenye mafuta ya kondoo, na mimi natumia mwaka mzima kuwashawishi watu kwamba nyama hii hainuki.

4 Juni

Wateja wa Idd wameanza kuja toka Jumapili, na nimepata pigo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee mmoja toka Kirumba, mstaarabu sana, kaja na wanawe wawili. Akasalimia, akaomba maji akanawa mikono, akaanza kukagua mmoja mmoja. Alimpenda dume wa B, kilo 25, akafungua mdomo akaangalia meno, meno ya maziwa yote yapo, akauliza amezaliwa lini, nikamuonyesha daftari, 19 Novemba, akafurahi kabisa kuona maandishi. Akapapasa mgongo. Macho. Miguu, akamtembeza aone kama anachechemea. Alafu akashika masikio. La kulia sawa. La kushoto akalishika akalinyoosha na la kulia akayalinganisha kwa kiganja. "Mwanangu, hili sikio limekatwa." Nikamweleza ni alama tu. Akaniambia kwa upole kwamba mchanjo mdogo angeupokea, lakini hapa imeondoka sehemu kubwa, sadaka inatakiwa mnyama asiwe na upungufu, na yeye moyo wake hautatulia. Akachukua wawili wa C wenye mchanjo pembeni. Akanilipa vizuri, akaniombea dua, akaondoka.

Wale wa B walikuwa ndo wakubwa kuliko wote. Niliwakata mimi na kisu changu kwa kukosa hereni za shilingi chache. Waliobaki wa B madume wanne hawatauzika kwa udhiya kwa mteja makini, wataenda nyama.

8 Juni

Idd imepita. Wameuzwa wa C watano na wa A sita. Machotara wamekwenda wastani wa laki mbili na kumi, wa kienyeji laki moja na nusu. Wateja watatu wameweka oda ya mwakani na wote wametaja daftari la tarehe za kuzaliwa, hicho ndo kilichowavuta, kujua kwa uhakika amefikisha miezi sita.

10 Juni

Dume wa Dorper ameingia tena leo kwa majike Wekundu wote, sa hivi 17 kwa sababu niliongeza tisa mwezi wa tano. Idd ya mwakani itaangukia kama tarehe 27 Mei, siwezi kusubiri.

14 Juni

Tumechinja watatu, mmoja kila kikundi, na jike mmoja mzee wa kienyeji wa miaka kama sita kwa kulinganisha. Walilala bila kukimbizwa, maji tu. Mnyama aliyekurupushwa kabla ya kuchinjwa nyama yake inakuwa nyeusi na haikai. Tukawaning'iniza usiku mzima kwenye chumba cha ubaridi cha bucha ya mtu tunayefahamiana, kwa sababu nyama iliyopikwa imekaza bado baada ya kuchinjwa ni ngumu hata kama ni ya mtoto.

A kilo 17.8 hai, mzoga kilo 7.9. B kilo 24.6, mzoga 11.8. C kilo 21.9, mzoga 10.4. Paja la B ni zuri, sipingi. Meneja wa hoteli moja ya mjini niliyempelekea aliweka paja la B na la C mezani pamoja akasema yote mawili anachukua, la A dogo kwa sahani yake.

Tukachemsha mabega kwa chumvi tupu, kila sufuria na kitambaa cha rangi yake, shangazi zangu watatu, babu, watoto na mchoma nyama mmoja wa Igombe ambaye kwake kondoo hajawahi kuingia kwenye jiko. Hakuna aliyejua ipi ni ipi. Kati ya B na C hakuna aliyeweza kutofautisha, walibahatisha tu. A walisema tamu sana ila mafuta mengi, shangazi mkubwa akaomba mkia akaukaushe atoe mafuta ya kukaangia. Sufuria ya yule jike mzee waliijua wote, watoto walisogeza sahani. Harufu imekaa kwenye mafuta na inaongezeka na umri, na jike yule ni ndugu wa damu kabisa wa mama yake A. Yaani kwa ladha na harufu, kilichotenganisha sufuria ni umri. Yule mchoma nyama alirudi jikoni kuongeza supu ya C mara mbili akaniuliza nitakuwa na wengine lini.

21 Juni

Wa mwisho wametimiza siku 180 juzi. Waliouzwa na kuchinjwa niliwapima kila mmoja siku yake ilipofika au siku ya kutoka. Hizi hapa.

A: waliofika 11, wastani kilo 17.4, jumla kilo 191. Gawanya kwa majike 12 niliowalisha mwaka mzima: kilo 15.9 kwa kila jike.

B: waliofika 7, wastani kilo 23.6, jumla 165. Kwa kila jike kilo 13.8.

C: waliofika 8, wastani kilo 21.3, jumla 170. Kwa kila jike kilo 21.3.

Nimeirudia mara tatu kwa kikokotoo. Kikundi chenye watoto wazito kuliko wote kimenipa kilo chache kuliko wote kwa kila mama, hata wa kienyeji watupu wamekishinda. Ukimtoa aliyeuawa na mbwa na yule aliyekwama, nikajifanya wote wawili wangefika na uzito wa wenzao, B inapanda mpaka kilo 17.7, bado iko chini ya C, na C nayo alikufa mmoja kwa mbwa. Najua ni majike 32 tu na mvua ya mwaka mmoja. Na sehemu ya vifo vya B ni dozi yangu mbovu, ila dozi ilikuwa mbovu kwa C vilevile na wao walisimama.

Shemeji kapiga simu leo kuuliza kama nimeshauza wale wa kienyeji. Nimemsomea hizo namba tatu za mwisho. Akakaa kimya kidogo, akauliza Wekundu wanapatikana wapi.

Majike wa kienyeji wanabaki na dume wao, sitawapandisha Dorper tena hapa chini. Hereni 60 nimeshanunua ziko kwenye ndoo chini ya kitanda. Ekari ya juu imefungwa toka mwezi wa nne na majani yamefika magotini. Leo jioni nimepita zizini na tochi, Wekundu tisa kati ya 17 wana masizi mgongoni, wa kwanza alipandwa tarehe 11, kwahiyo atazaa karibu na tarehe 8 Novemba.